Mwalimu Kavumbi na Mchu wa Makupa

Wasifu wa marehemu Samuel Kavumbi Kiti, 1941–1999
Unasomwa na mdogo wake, Dzoro Kiti, nyumbani Kizurini, Kaloleni, Jumamosi tarehe 26 Juni 1999

Kabla hatujasema alizaliwa wapi, tuseme kwanza kwamba alishinda. Wengi mliotoka Mombasa alfajiri ya leo mmekuja kulia, na kulia mtalia, hakuna wa kuwazuia. Lakini Mwalimu Samuel Kavumbi Kiti hakuondoka duniani ameshindwa. Jambo alilolihangaikia kwa miaka minane alilishuhudia kwa macho yake mwenyewe, mwezi mmoja kabla hayajafumba, na familia imeona si haki mtu wa namna hiyo asomewe wasifu kwa sauti ya kunong'ona.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa hapa Kizurini, mtoto wa kwanza wa hayati Mzee Kiti wa Kavumbi na Mama Mbodze, ambaye tunaye hapa mbele, Mungu amzidishie. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Alikuwa mdogo hata wakunga wakamshauri mama asijisumbue kumpa jina, kwa kuwa asubuhi haingemkuta. Mama Mbodze aliwasikiliza, akawashukuru kwa kazi yao, kisha akampa mtoto jina la babu yake siku hiyo hiyo. Mdogo wake Dzoro, anayesoma maneno haya, alizaliwa mnene mwenye afya tele, na mpaka leo hana la kujivunia zaidi ya unene huo.

Walilelewa shambani. Katika nyumba ya Mama Mbodze heshima ya mtu ilionekana kwenye shamba lake. Gugu likichungulia katikati ya mihindi, wewe ni mvivu, hata kama unaongoza kwaya kanisani. Watoto walipalilia kabla ya shule na baada ya shule, na mama alipita nyuma yao akikagua, jembe begani. Tafadhalini lishikeni hilo la palizi, kwa sababu huko mbele litatutia mashakani.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa Kaloleni tangu mwaka 1949 hadi 1956, kisha akapata nafasi katika shule ya upili kisiwani Mombasa. Ndipo alipoiona bahari, na bahari ilimfanyia kituko siku ya kwanza. Alifika ufukoni maji yametoka yote. Akaona matope na mawe matupu hadi mbali, akakimbia kurudi bwenini kuwatangazia wenzake kwamba bahari imekauka. Walimcheka mpaka wakambandika jina la Bwana Ukame, na jina hilo lilimfuata miaka yote ya masomo. Jioni alirudi kutazama, akakuta maji yamejaa hadi ukingoni. Mwingine angeona haya na yangemwishia hapo. Kavumbi alibaki na swali: wale kaa, wale chaza na wale konokono aliowaona juani mchana kutwa bila tone la maji, walikuwa wanaishije? Alimuuliza mwalimu wake, akaambiwa swali hilo halimo katika mtihani. Akaamua kuwa mwalimu ili liwemo.

Alihitimu ualimu wa sayansi mwaka 1964, akafundisha hapa Kaloleni miaka sita. Januari 1971 alihamia Shule ya Sekondari ya Ufukoni, pale karibu na Makupa, akafundisha baiolojia hadi alipostaafu mwaka 1996.

Katikati ya hayo, tarehe 7 Desemba 1968, alimuoa Caroline Kadzo, binti wa Mzee Kingi wa Rabai. Wazee wetu walipopeleka pombe ya mnazi ya posa, bibi harusi aliitwa mbele ya watu akaulizwa kama anamjua kijana huyu.

"Namjua," alisema. "Alinipeleka ufukoni, nikadhani ana maneno ya kuniambia. Kumbe ananionyesha kaa."

Wazee wakatazamana. Wakamuuliza kama basi anamkataa.

"Sikusema namkataa. Nimesema alinionyesha kaa."

Mnazi ukanywewa. Ndoa yao ilidumu miaka thelathini na zaidi, na katika miaka yote hiyo Mama Kadzo hakuacha kusema kwamba kuna wanawake huonyeshwa pete.

Walipohamia Mombasa walipanga ghorofa ya juu katika nyumba ya Bi Badria, Kibokoni, kwa muda tu, mpaka wapate nyumba nyingine. Hawakuhama tena. Wapo waliowaonya: Wagiriama Wakristo watakaaje katikati ya Mji wa Kale, kwenye misikiti na mabaraza ya watu? Walikaa vizuri sana. Watoto wao walikula futari na watoto wa mtaani, na Krismasi sinia za pilau zilishuka ngazi kwenda kila mlango. Kero moja ya kweli Bi Badria aliyoipata kwa mpangaji wake ilitokana na konokono.

Mwalimu alikuwa amewatoa kwenye mawe ya chini ya bandari ya kale, wale wadogo weusi ambao maji yakitoka hujifungia ndani ya gamba na tone lao la bahari, mlango ukabanwa, wakangoja. Akawatia katika beseni la maji chini ya ngazi ili kesho awapeleke darasani. Alasiri ile Bi Badria alikuwa akipamba sebule yake kwa ajili ya maulidi. Sauti yake ilisikika hadi mtaa wa pili.

"Mwalimu! Ndoo uwaone wageni wako! Wapanda ukuta wangu kama wenye nyumba!"

Mwalimu alishuka mbio, akatazama ukuta, uso ukamng'aa kwa furaha. Kuomba radhi hakukumjia kabisa. "Bi Badria, chungulia dirishani," alisema. "Maji yanajaa bandarini sasa hivi. Hawa wametolewa baharini tangu jana, wamelala ndani ya beseni, na bado wanajua."

Bi Badria akachungulia. Kweli maji yalikuwa yanapanda. Alisimama kidogo akiwatazama wale viumbe, kisha akasema, "Haya, mashaallah. Sasa wambie washuke, mimi n'na wageni wa kweli waja." Lakini wageni wa kweli walipofika, aliwaonyesha konokono kwanza.

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Ratiba yake haikufuata kengele ya shule, ilifuata kupwa na kujaa, na mwalimu mkuu baada ya mwalimu mkuu alijaribu kulirekebisha hilo akachoka. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake ameramba jani la mchu, na wengi wao wako hapa leo, wengine na mvi. Mchu ni mti wa pwani unaoota palipo pagumu kuliko kote, aliwaeleza. Unakunywa maji ya bahari kwa kuwa hauna mengine, kisha chumvi unaisukuma nje kupitia majani, nayo hukauka juu ya jani punje punje. Matope yake hayana hewa, basi unachomoza mizizi kutoka chini kwenda juu, vijiti wima mfano wa penseli, na maji yakitoka vijiti hivyo ndivyo vinavyovuta pumzi. Halafu alikuwa anawaangalia wanafunzi wake, watoto wa makuli, wa wauza duka na wa wapika maandazi, na kuwaambia, "Hakuna aliyewaahidi hawa maisha mepesi. Na hawajahama."

Mwezi wa Agosti 1990 mafuta machafu yaliingia katika mkono wa bahari nyuma ya shule. Yalikotoka, kila mtu alimnyooshea mwenzake kidole, na hapa si mahali pa kuyafufua hayo. Ufuko ukageuka mweusi. Kaa wakafa ndani ya mashimo yao. Miti ikapukutika mmoja mmoja, ikakatwa kuni, mpaka ukabaki mchu mmoja mzee kando ya ukuta wa shule, nusu ya matawi yake makavu. Mwalimu Kavumbi alikuwa anasimama pale baada ya darasa, na Mama Kadzo anasema miezi ile alikula chakula kwa sababu tu kimewekwa mbele yake.

Mwaka uliofuata Bodi ya shule ilikaa kikao. Mwenyekiti alikuwa Mzee Chonga, mtu mwaminifu asiyependa kuona kitu kikikaa bure, na hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ufuko ule haufai tena, malori ya Makupa yanahangaika pa kuegesha, basi na umwagiwe kifusi pawe uwanja wa malori.

"Mwalimu, pale pamekufa," alisema. "Maiti haifundishiwi baiolojia."

"Mwenyekiti, nakuomba unipe muda," akajibu Kavumbi. "Kitu kinachonyimwa maji kila siku ya maisha yake kimeshazoea kungoja."

Walibishana mpaka adhana ya magharibi ikawatenganisha. Wakakubaliana hivi: apewe hadi Julai 1994. Ikiwa kufikia hapo hakuna mti mpya uliosimama wenyewe kwenye tope lile, kifusi kinamwagwa na mchu mzee unakatwa.

Alianza vibaya. Yeye na wanafunzi walichomeka mbegu ndefu za mkoko, kwa sababu mkoko ndio kila mtu wa Mombasa anaoujua na ni rahisi kupanda, unauchomeka tu topeni kama mkuki. Ilipofika Februari 1992 mikoko yote ilikuwa imekauka. Akakaa akafikiri. Ufuko ule uko juu, maji yanaufikia wakati wa bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, na kati ya bamvua na bamvua jua linaukausha mpaka chumvi inakuwa kali kupita ya bahari yenyewe. Mkoko hauwezi kuibeba. Mchu unaweza. "Nilipanda mti ninaoupenda mimi," alimwambia mkewe, "sikuuliza ni mti gani unaopapenda pale." Mbegu za mchu zingepatikana kwa ule mzee tu. Shughuli yote ikawa imeuegemea mti mmoja mgonjwa.

Nao mti mgonjwa ukafanya maajabu. Mizizi yake ya kupumulia ya zamani ilikuwa imezibwa na mafuta, hivyo ukaanza kuchomoza mingine, mipya, ikitoboa lile tope jeusi kuuzunguka pande zote. Mwalimu alifurahi kama mtu aliyeletewa mjukuu. Alimpeleka jirani yake Sheikhan Nasser, mwenye duka la vyombo kule Kuze, akamsimamisha kwenye matope nusu saa nzima akiangalia vijiti. Sheikhan alisema vijiti ni vizuri, ila yeye ameacha duka wazi.

Pasaka ya mwaka huo, Mama Mbodze alishuka kutoka Kizurini kuja kuwaona wanawe. Mwalimu alikuwa amekwenda mkutano wa walimu Malindi, kurudi kesho yake. Mama akasikia habari za shamba la mwanawe kule Makupa, shamba alipendalo kuliko chakula, akataka kuliona. Akapelekwa. Mkisikia hapa wapo wanaocheka tayari, ni kwa sababu wanamjua mama yetu.

Aliona mti mmoja, na kuuzunguka magugu. Vijiti chungu nzima, vimesimama, vinachoma miguu. Mwanawe, mwalimu mzima, kijana aliyemfundisha palizi kwa mkono wake, ameacha shamba likaingia kichaka! Mama aliona aibu kwa niaba yake. Aliazima panga, akakunja kanga, akaita akina mama wawili wa kanisa, na kabla maji hayajarudi walikuwa wamefyeka kila kijiti na kuvipanga fungu fungu kando ya ukuta, kazi safi kabisa.

Mwalimu aliporudi alishikwa mkono akapelekwa kuonyeshwa. Sheikhan alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia. Mama Mbodze alinyoosha mkono kwa fahari.

"Mwanangu, nimekupalilia. Sasa hata mgeni akija hutaona haya."

Mwalimu Kavumbi alitazama mti. Akatazama mafungu. Akakaa palepale topeni na suruali yake ya mkutano. Sheikhan anasema alingoja kusikia atasema nini.

"Ahsante, Mama," alisema. "Umechoka. Twende ukanywe chai."

Hakumwambia. Alikuwa radhi mti ufe, yeye akabaki na donda lake, kuliko mama yake ajue alichokifanya. Sisi tunaomzika leo hatujui fadhila yake iliyo kubwa kuliko hiyo. Aliyesema ni Mama Kadzo, usiku ule jikoni, kwa sababu aliona mumewe hali wala halali.

"Mama, vile vijiti ni pua zake. Ndivyo mti unavyopumulia."

"Pua?" Mama Mbodze aliweka kikombe chini. "Mti una pua, na katika nyumba nzima hii hakuna aliyenambia?"

Mama alikuwa amekuja kwa siku tatu. Alikaa miezi minne. "Nimeukata pua, nitauuguza," alisema, na hakuna aliyemshawishi vinginevyo. Kila maji yakitoka alikuwa pale. Alifukuza mbuzi, alifukuza wakata kuni, alimfukuza hata dereva mmoja wa lori aliyetaka kumwaga oili yake hapo, na tunaambiwa dereva yule mpaka leo akipita Makupa hutazama upande wa pili. Alibeba na maji ya bomba kwa ndoo, akayamwaga shinani. Mwalimu alijua maji hayo hayatoshi hata kuosha majani, akamwacha ayabebe. Mti ukawa manjano. Majani yakadondoka. Mwezi wa Juni Mwalimu alianza kumwandaa mama, akamwambia kwamba kila kiumbe kina mwisho wake. Mama akamjibu kwamba maneno hayo aliwahi kuyasikia kwa wakunga.

Ikawa alasiri moja ya Agosti. Watu wa Kibokoni wamekaa barazani, Bi Badria yuko mlangoni. Mama Mbodze akatokea, matope hadi magotini, akapita mbele yao wote bila salamu, jambo ambalo Mji wa Kale hausamehe kirahisi. Akasimama chini ya dirisha la mwanawe.

"Kavumbi! Shuka! Yameota magugu!"

Tangu dunia iumbwe hakuna magugu yaliyoshangiliwa namna ile. Mwalimu alishuka ngazi bila viatu. Bi Badria, ambaye hakuwahi kuuona mti wenyewe, alipiga kigelegele kwa sababu aliona uso wa Mama Mbodze, na majirani wakaitikia bila kujua wanashangilia nini. Kuuzunguka mti vilikuwa vimechomoza vijiti vipya, vyembamba, vya kijani kibichi nchani, vingi kuliko vile vilivyokatwa.

Vijiti hivyo ndivyo vilivyookoa kila kitu. Mwaka 1994, masika, mchu ulizaa. Matunda yakadondoka na bamvua la Mei, na badala ya kuchukuliwa yote na maji, mengi yalinaswa katikati ya ile mizizi, yakatulia, yakashika tope. Kaa walianza kurudi, wakachimba mashimo yao, na kwa kuchimba huko hewa ikaingia chini. Mwalimu hakugusa kitu. Alikuwa anasimama kando na mikono nyuma, akimzuia kila mtu, na kwa sababu za wazi akimzuia mama yake zaidi.

Tarehe 29 Julai 1994 Bodi ilifika. Lori la kwanza la kifusi lilikuwa limeshaegeshwa nje ya ukuta, injini inanguruma. Mzee Chonga alisimama ukingoni na viatu vilivyong'arishwa, akatupa macho.

"Mwalimu, sioni kitu."

Na kweli, kutoka pale juu usingeona kitu. Miche ilikuwa na majani manne manne, haifiki goti.

"Mwenyekiti, tafadhali vua viatu," alisema Mwalimu.

Mzee Chonga alikuwa mtu mkubwa mjini. Lakini alikuwa pia mtoto wa pwani, na labda miguu yake ilikumbuka. Akavua, akakunja suruali, akashuka. Hatua ya tatu kaa mmoja akamkimbia mguuni akatoweka shimoni. Hatua chache zaidi, akasimama, kwa sababu hakuwa na pa kukanyaga bila kukanyaga mche. Akageuka huku, mche. Akageuka kule, mche. Mwalimu alichuma jani moja la mchu mzee akampa.

"Ramba."

Mzee Chonga akaramba jani mbele ya Bodi nzima. Akakunja uso. Akalitazama jani, akaramba tena.

"Chumvi," alisema. Kisha akausogelea mti, akaupapasa shina kama mtu anayemwomba radhi ng'ombe. "Mti huu unatoka jasho. Na aliyekufa hatoki jasho." Akageuka kuwatazama wenzake waliobaki ukingoni na viatu vyao. "Mwambieni yule dereva azime injini, kisha aondoke na kifusi chake."

Kigelegele cha Mama Mbodze kilisikika hadi barabarani Makupa. Wanafunzi walimbeba Mwalimu juu juu, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, na kwa furaha yao wakataka kumtupa majini, ila maji yalikuwa mbali. Bodi iliamua siku hiyo hiyo kwamba ufuko ule ubaki darasa la wanafunzi, na mpaka leo ni darasa. Mzee Chonga yuko hapa pamoja nasi. Baba, familia inakushukuru kwa kuvua viatu.

Mwaka 1997, baada ya kustaafu, afya yake ilianza kudhoofika, na daktari akagundua ni figo. Jambo la kwanza alilokatazwa ni chumvi. Mwalimu alicheka mpaka daktari akatia shaka. "Mchu umenishinda," alisema. "Wenyewe unaitoa kwa majani, mimi sina majani." Mama Kadzo aliacha kutia chumvi katika chungu chote ili mumewe asile peke yake, na Bi Badria naye akawa anampikia mkate wa mofa usiotiwa chumvi, akiuonja kwanza na kukunja uso, kisha akiupeleka juu mwenyewe kwa miguu yake ya kizee. Alilazwa mara kadhaa. Hakulalamika, lakini alikuwa na hofu moja, na hakuificha. Ile miche ya 1994 ilikuwa imekuwa miti, sawa, lakini je, itazaa? Mti ulioletwa duniani na mzee mgonjwa unaweza kukua, ukapendeza, ukaishia hapo. "Sitasema tumeshinda," aliwaambia wanawe, "mpaka watoto wa mchu wawe na watoto."

Mwezi wa Mei mwaka huu alikuwa hawezi tena kushuka ngazi. Habari zikaja kutoka Makupa kwamba kuna kitu kwenye matawi. Sheikhan akapanda juu.

"Mwalimu, gari haliingii mtaa hunu," alisema. "Lakini mkokoteni waingia."

Wakamtandikia godoro juu ya mkokoteni. Vijana wa Kibokoni wakasukuma, wa Kuze wakapokea, na watu wakasimama mabarazani kumtakia heri akipita, naye akiinua mkono kama bwana harusi. Kule Makupa madereva wa malori walizuia magari ili avuke. Walimsukuma hadi ukingoni, na Mama Mbodze, aliyekuwa ameitwa kutoka nyumbani, alikuwa ameshatangulia mbele, amesimama topeni.

Miti ile michanga ilikuwa imezaa. Matunda madogo ya kijani, tawi baada ya tawi. Mama akachuma moja akamwekea kiganjani. Mwalimu alilimenya kwa ukucha, polepole, na ndani yake mlikuwa na majani mawili yamekunjwa, mche tayari, ukingoja maji tu. Akaufunika kwa mkono wa pili. Alilia, na wote waliokuwepo walilia, na ilikuwa furaha.

"Mama," alisema, "nakuachia hawa uniangalizie. Ila usipalilie."

"Sitapalilia," alisema Mama Mbodze.

Alifariki Ijumaa tarehe 18 Juni 1999 alfajiri, hospitalini Mombasa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama Kadzo. Jirani zake walimwombea dua Kibokoni jioni hiyo, na kanisa likamwombea Jumapili, na hatudhani Mungu alitatizika kuelewa ni mtu gani anayezungumziwa.

Ameacha mama yake, Mama Mbodze, mke wake, Caroline Kadzo, watoto wake Kiti, Mbodze na Kadenge, wajukuu watano, mdogo wake Dzoro, jirani zake wa Kibokoni na Kuze, ambao kwa desturi wangeitwa marafiki lakini wao wenyewe wamekataa kuandikwa hivyo, wanafunzi wa miaka yake thelathini na miwili ya ualimu, na nyuma ya shule kule Makupa, mchu mzee pamoja na kizazi chake.

Mama Mbodze ameomba tangazo moja lisomwe kabla hatujafukia. Mnajua desturi yetu, kaburi halikai na majani. Anasema palizi ya kaburi hili aachiwe yeye. Na chochote kitakachoota juu yake, hata kiwe kijiti, mtu asikiguse mpaka yeye aje akiangalie kwanza.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, Bwana Ukame. Bahari haikukauka.